Gitaa la Omondi Lilipobadilika Sauti

Maurice Omondi ni mlinzi katika jengo moja refu la ofisi kule West Bay, hapa Doha, lakini ukiuliza mtu yeyote wa kwaya yetu ya Kiswahili yeye ni nani, hatakutajia ulinzi. Atakwambia ni yule wa gitaa. Kwaya yetu hukutana Ijumaa kule Mesaimeer, kwenye uwanja wa makanisa, kwa kuwa Jumapili huku ni siku ya kazi kama nyingine. Ukumbi tunapewa kwa zamu. Unamaliza wimbo wa mwisho unakuta Wahindi au Wafilipino wameshasimama mlangoni na vyombo vyao, wanakuchekea huku macho yanakuambia utoke. Mimi naimba sauti ya pili na kiti changu kiko karibu na spika, kwa hiyo miaka yote hiyo nimeimba gitaa la Omondi likiwa hapa sikioni.

Maneno yametembea sana juu yake siku hizi, ati ana kiburi, ati ni mtu asiyejua kusamehe na bado anapanda madhabahuni. Mimi nilikuwepo. Nitaeleza nilivyoona, na Mungu aniongoze nisimzidishie mtu wala nisimpunguzie.

Omondi ametoka Ahero, kwenye mashamba ya mpunga. Shule haikumfikisha mbali, akapelekwa na mjomba wake akakae na fundi redio mmoja sokoni, mzee aliyeitwa Jeremiah. Mzee huyo alikuwa anatengeneza redio, pasi, na spika za bendi zilizokuwa zinapita huko. Bendi moja ya hoteli ilipovunjika, gitaa lake likaletwa kwa Jeremiah likiwa limekufa, na hakuna aliyerudi kulichukua. Omondi akalililia. Jeremiah akamwambia, nitalifufua, lakini ukishindwa kulicheza nitalipasua niotee moto.

Kwa wasiojua, gitaa la umeme halina tumbo la kutolea sauti kama lile la mbao. Chini ya nyuzi kuna vitu vidogo wanavyoviita pikapu. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Hizo ndizo zinazosikia uzi ukitikisika, zikapeleka habari kwenye spika. Mimi nilikuwa nadhani sauti iko kwenye nyuzi. Omondi alinieleza siku moja tukiwa tunangoja ukumbi, akagusa sikio lake, akasema, "Mama Melissa, pikapu ndiyo hii. Ukiwa na nyuzi nzuri na pikapu mbaya, ni kama kuhubiria ukuta."

Sasa zile za gitaa lake zilikuwa zimeungua. Jeremiah alizisuka mpya kwa mkono. Aliifunga ile fremu kwenye gurudumu la cherehani ya mkewe, mke akawa anazungusha taratibu, yeye anauongoza waya kwa vidole. Ya mbele ilikwenda vizuri. Ya nyuma, waya ulikatika katikati, akauunga, akapoteza hesabu, akaendelea tu kuzungusha mpaka mkewe akachoka mkono. Ikatoka imeshiba waya kuliko kawaida. Omondi anasema pikapu ya nyuma kwenye magitaa mengi huwa kali, inakwaruza. Hiyo ya Jeremiah haikukwaruza. Ilikuwa tamu halafu nzito kidogo, na kwenye uzi wa chini ilikuwa inapitia puani, kama mtu mwenye mafua ambaye hata hivyo anaimba vizuri. Jeremiah alitaka kuisuka upya. Omondi akakataa, akailinda kwa mikono miwili. Mzee alishafariki, na hakuandika popote alivyofanya, kwa kuwa mwenyewe hakujua.

Gitaa hilo ndilo Omondi alilokuja nalo Doha, amelipakata kwenye ndege kama mtoto. Akilipigia benga, ule muziki wa kwao wa nyuzi zinazokimbia, wakati wa sadaka, akina mama wanainuka wenyewe kabla hawajaambiwa. Nimewaona manesi waliotoka zamu wakisinzia kwenye viti, likianza gitaa wanafungua macho wakiwa wanatabasamu.

Dedan alikuja baadaye. Ni dereva wa kampuni, kijana wa upande wa Nyeri, mcheshi sana. Alikuwa ananitania juu ya maombi yangu, "Mathe, hiyo sala yako inapitia kila nchi kabla ya kufika amina." Nami nacheka, kwa kuwa ni kweli. Alipofika hakuwa na mahali pazuri pa kulala. Omondi akamtafutia kitanda katika chumba chake mwenyewe kule Najma, juu ya duka la mapazia. Wakawa wanapika ugali pamoja, wanapokezana viatu hata. Dedan alipoonyesha hamu ya gitaa, Omondi akamfundisha kwa gitaa lilelile, wameketi kitandani magoti yakigusana. Akamfundisha na kuchomelea waya kwa risasi ya kuyeyushwa, jinsi alivyofundishwa na Jeremiah. Dedan alikuwa anamwita Mwalimu, mbele za watu na wakiwa peke yao.

Kisha mama yake Omondi akaugua, Omondi akaomba likizo akaenda. Kabla ya kuondoka alimwachia Dedan gitaa. Lile tundu la kuingizia waya lilikuwa linakwaruza, akamwomba alichomelee. Mama hakupona. Omondi akamzika, akabaki kidogo kupanga mambo ya boma, na huku Dedan akawa anakaa kwenye kiti chake kanisani. Alikuwa amejinunulia gitaa jipya, jekundu, linang'aa. Alicheza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alikuwa na kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachotia mwangwi mwingi, sauti inakuwa kama iko ndani ya pango. Watu wakamsifu. Nadhani sifa zilimwingia.

Ijumaa ya kwanza Omondi aliporudi tulimpokea kwa machozi na pole nyingi. Akatoa gitaa lake kwenye kabati la kwaya, akaunganisha, akaanza. Nilimwona usoni. Alikuwa kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta kitanda kimegeuzwa. Akazungusha vitufe. Akabadilisha waya. Katikati ya ubeti akaacha kabisa, tukamalizia kwa kinanda na makofi.

Mimi pia nilisikia kitu kimepungua. Sauti ilikuwa safi, haina kosa, lakini ilikuwa imepauka, kama mchuzi uliosahauliwa chumvi. Nikasema moyoni ni msiba, mikono yake bado iko kaburini.

Alipomuuliza Dedan kama aligusa kitu, Dedan akasema alichomelea lile tundu tu kama alivyoagizwa. Akaongeza kwa upole kabisa kwamba huenda ni masikio. Akamkumbusha zile feni kubwa za maegesho ya chini ya jengo, ambako Omondi amesimama zamu miaka mingi zikivuma juu ya kichwa chake. Wazo hilo lilimwingia Omondi kama baridi. Kila walipokuwa chumbani alicheza kidogo, akauliza, na kila mara Dedan akajibu kwamba gitaa liko vilevile, yeye ndiye hasikii.

Basi akaogopa. Cherotich, kiongozi wa kwaya yetu, ni nesi, akamsaidia kupata nafasi ya kupimwa. Wakamvika vile vidude vya masikioni, akasikiliza milio, akabonyeza kitufe. Wakamwambia masikio yake ni mazima. Sisi tukamshukuru Mungu. Lakini Ijumaa iliyofuata nikamkuta amekaa nje kwenye kivuli cha ukuta, hana furaha yoyote. Nikamuuliza, kwani hukuambiwa uko mzima? Akasema aliambiwa, ila Dedan amemfahamisha jambo. Mashine inapima pii, pii, pii. Haipimi muziki. Mtu anaweza kusikia pii zote na muziki ukawa umeshamtoka.

"Mama Melissa," akaniambia, "nafikiri nilimlilia mama mpaka kitu kikakatika huku ndani. Nikilishika gitaa nasikia gitaa la mtu mwingine. Mtu asiyeisikia sauti yake hawezi kuwachezea wengine. Nimemwambia Dedan akae tu kwenye kile kiti."

Nikamwombea hapo hapo. Tangu siku hiyo Omondi alikaa na waimbaji wa besi, mikono ameifunga kifuani. Gitaa lake likabaki kabatini kanisani. Akasema tukimaliza kurekodi nyimbo zetu ataliachia kanisa moja kwa moja, hataki kulibeba tena. Alisema hivyo bila hasira, na ndicho kilichoniuma.

Huko kurekodi ndiko kulikoleta mambo. Kiprop, ambaye hutushughulikia spika na nyaya, alisema chumba cha kurekodia ni kidogo, tutaingia na gitaa moja, kwa hiyo tuchague lenye sauti inayotufaa. Yalikuwapo matatu: la kanisa, la Omondi, na jekundu la Dedan. Kiprop ni mtu wa haki sana, tena mbishi. Akataka tugeuze viti vyote tutazame ukuta, mtu asichague kwa macho. Mpigaji awe mmoja, apige kipande kilekile kwa mkono uleule, ili tofauti iwe ya pikapu tu. Na hakuna kisanduku cha mguu. Waya kutoka kwenye gitaa, moja kwa moja hadi kwenye spika.

Kwa kuwa Omondi hakuwa anacheza tena, mpigaji akawa Dedan. Dedan akasema gitaa lake bila kisanduku halina maana, afadhali aliondoe kwenye mashindano.

"Kama halina maana si litashindwa?" Kiprop akamjibu. "Unaogopa nini? Piga."

Tukacheka. Dedan naye akacheka. Tukageuza viti.

La kwanza lilikuwa nene. Hilo la kanisa lina pikapu zenye koili mbili, yaani misokoto miwili ya waya iliyolala pamoja, Kiprop alitueleza baadaye. Moja inaifuta kelele ya mwenzake, kwa hiyo halivumi kabisa, lakini sauti inakuwa imejaa mno, kama uji uliozidiwa unga. Zuri kwa kuimba polepole. Benga haikukimbia humo. La pili lilikuwa jembamba na safi, kila noti imesimama peke yake, lakini hakuna aliyeinua kichwa.

Likaja la tatu. Sijui niseme nini. Noti ya kwanza tu nikasikia mwili umesisimka. Ile sauti tamu, nzito kidogo. Akashuka kwenye uzi wa chini ikapita puani kama zamani. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kupiga makofi taratibu bila kujua. Na Tiffany, binti wa sauti ya kwanza, hajui siri wala hila, akasema akiwa bado ametazama ukuta, "Si hili ndilo la Omondi? Jamani, nimelikumbuka sana."

Wote tukasema ndiyo, la tatu, la Omondi, hakuna haja hata ya kupiga kura. Cherotich akasema, haya, basi limepona, Mungu ni mwema.

Kiprop akasema hapana. La Omondi lilikuwa la pili. La tatu ni hili jekundu.

Nje ya mlango tuliwasikia wale wa zamu inayofuata wakishusha ngoma zao. Omondi alikigeuza kiti chake pole pole, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, akawa anamtazama Dedan uso kwa uso. Hakusimama.

"Dedan. Uzi wa chini, pikapu ya nyuma. Nipigie tena."

Dedan akashughulika na mkanda wa gitaa.

"Nimekuomba upige tena."

Akapiga, kidogo sana, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. Ilitosha.

"Huyo ni Jeremiah," Omondi akasema.

Dedan akajaribu kutabasamu. Akasema ni pikapu tu, Mwalimu, pikapu ni pikapu, zinafanana zote chini ya kifuniko. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaanza kueleza. Aliziazima. Aliambiwa na watu kwamba Omondi mama yake akifa hatarudi, atabaki na boma, na gitaa litakaa kabatini lioze. Aliweka nyingine nzuri badala yake, mpya kabisa, wala hakumwachia tundu tupu. Alikuwa na nia ya kuzirudisha.

"Nilirudi," Omondi akasema.

"Ndiyo, lakini ulikuwa na msiba, buda. Ningekuambia vipi? Nikawa nangoja ukae sawa."

Omondi akasema maneno ambayo mimi mpaka leo nikifua nguo za watoto wa bosi wangu yananijia. "Pikapu nakusamehe, hapa hapa, mbele ya hawa. Ungeniomba pengine ningekupa moja. Lakini masikio yangu je? Nilikuwa nakaa pale kitandani nakuuliza, umenitazama hivi. Nilikwenda kupimwa. Nikaambiwa mzima, nikarudi nikiwa na furaha, ukanifuata mpaka huko ukaniambia mashine haipimi muziki."

"Ningesema nini sasa?"

"Ungenyamaza. Hata ungenyamaza."

Dedan akainamisha kichwa. Nadhani hapo ndipo yeye mwenyewe alipoona alichofanya, maana rangi ilimtoka. Mwizi wa kitu anajua ameiba kitu. Huyu alikuwa amemtazama mtu akipapasa gizani, na taa ilikuwa mkononi mwake.

Lililofuata nalisema kwa huzuni kwa kuwa ni la kwetu sote. Gerishon, mzee wa kwaya, mtu mwema, akasimama akasema zamu yetu imekwisha, watu wako mlangoni, tusitoke na uchungu kwenye nyumba ya Bwana. Akawaita wote wawili mbele wapeane mikono. Akasema pia, kwa kuwa kurekodi kumekaribia na Dedan ndiye ameshazizoea nyimbo, basi na iwe hivyo, Dedan arekodi na gitaa jekundu kama lilivyo, kisha baada ya hapo pikapu zirudi kwa mwenyewe kwa amani. Watu wakaitikia amina, haraka haraka, kama watu wanaofunika sufuria lisichemke likamwagika. Cherotich naye akaitikia. Omondi alitugeukia tulivyokuwa tumekaa, kiti kwa kiti, akitafuta kama yuko mmoja ambaye hakuitikia.

Nikasema, si kwa sauti kubwa, kwamba tumwache kwanza avute pumzi. Kwamba mtu hajamaliza hata kujua ameibiwa nini, tusimpangie la kufanya. Mzee Gerishon akasema, "Mama Melissa, wewe tena, mama wa maombi?" Kama kwamba nimemkataza mtu kusamehe. Omondi alimpa Dedan mkono. Alimpa kweli, nilimwona. Kisha akasema pikapu zake anazitaka leo, na Kiprop akaenda kuchukua bisibisi kabla mtu hajampinga.

Zilirudishwa ndani ya gitaa la Omondi jioni hiyo, nyumbani kwa Kiprop. Dedan hakwenda; alimpa Kiprop gitaa lake lote likafunguliwe, akasema atatumiwa likiisha. Omondi akahama Najma juma hilohilo, akarudi kulala kwenye kambi ya kampuni, watu wengi chumba kimoja, hakuna mahali pa kupigia gitaa. Nilimpelekea chapati na maharagwe. Nikamuuliza kama Dedan amemtafuta. Akasema amemwandikia mara nyingi kwenye simu, na yote anayoandika ni kweli, anaomba radhi vizuri sana. "Lakini mama, hata masikio aliyasema vizuri vilevile. Nikisoma nasikia ile sauti yake ya upole."

Dedan akaacha kuja kwetu. Nimesikia anaabudu na kikundi kingine ukumbi wa jirani, nikimkuta njiani ananisalimu kwa heshima, nami namsalimu, namwombea. Hakunitania tena juu ya amina. Nyimbo tulizirekodi kwa kinanda peke yake, na ndipo maneno yalipoanza, ati Omondi aliinyima kwaya gitaa kwa kisirani. Hakuinyima. Alikuja siku hiyo, akaunganisha, akapiga, akapiga tena, akamwambia Kiprop hana uhakika, waendelee bila yeye.

Sasa ameanza kukaa kwenye kiti chake tena, baadhi ya Ijumaa. Juzi nilifika mapema, ukumbi ulikuwa bado haujajaa. Alikuwa analiweka gitaa sawa, akapiga ule mwanzo wa wimbo wa sadaka, kuanzia uzi wa juu hadi ule wa chini. Nilisimama na mkoba wangu mkononi. Ilikuwa yenyewe, tamu na nzito, pua na yote.

Akazima nyuzi kwa kiganja. "Mama Melissa, ni ileile?"

"Ni ileile, mwanangu."

"Husemi tu kwa kunionea huruma?"

Nikamwambia mimi siwezi kumdanganya, nimeiimbia miaka, ni ileile kabisa. Akanitazama usoni muda mrefu, kwa adabu, akipima. Akapiga tena. Kisha akamgeukia Kiprop, aliyekuwa anakunja nyaya pale pembeni, akamuuliza na yeye.